Pombe ya Byabato kwenye Arusi ya Kokuberwa

Sheria ya kima cha chini cha mshahara ilipofika Muleba, mwaka wa pili baada ya Uhuru, vibarua wa shamba la kahawa la Rugaibula walicheza ngoma. Byabato naye alicheza, mjinga yule, mpaka adhuhuri alipokuta jiko la vibarua limezimwa.

"Ndizi mtajipikia," alisema Rugaibula. "Serikali imesema niwalipe, nimewalipa. Tusidaiane kitu kingine, hata maneno matamu."

Na maneno matamu yakakoma kweli. Zamani tajiri huyu alimsifu Byabato mbele ya wageni, maana kutoka Kibeta hadi Muleba hakuna aliyejua kukamua orubisi, pombe ya ndizi, kama yeye. Sasa alimwita kibarua tu, sawa na mtu aliyeshika jembe jana. Mfuko wa Byabato ulinona, moyo ukamwuma. Byabato akaapa kulipiza.

Nafasi ilikuja yenyewe. Kokuberwa, binti wa Rugaibula, alikuwa anaolewa, na Byabato akatolewa kwenye palizi ili aandae pombe. Alikanyaga ndizi tangu asubuhi. Maji yake yalipojaa kwenye mtumbwi wa kukamulia, ikabaki kutia mtama na kufunika, kazi iliyotaka mkono wake hasa. Kengele ya kutoka ikalia. Akanawa miguu.

"Byabato, waitu, mwenzetu, unaniachaje?" Rugaibula alimkimbilia.

"Saa za sheria zimekwisha, mzee. Tusidaiane."

Alicheka peke yake njia nzima. Ee, alifurahi, kwa nini nimfichie?

Siku ya arusi pombe, iliyomaliziwa na mikono isiyoijua kazi, ilikuwa chachu, nyepesi, ya aibu. Lakini desturi ya pale ilitaka aliyekamua aonje kwanza mbele ya wakwe. Byabato alikunywa bila kukunja uso, akingoja kwa hamu Rugaibula afedheheke.

Wakwe wakanywa, wakatema. Mzee Mwijage, msemaji wao, hakumtazama mwenye nyumba hata kidogo. Alimtazama Byabato, tena kwa huruma.

"Kumbe mikono huchoka," alisema. "Pole, mwanangu. Siku nyingine tutamtafuta mwingine."

Watu wakaguna. Rugaibula alijua ukweli wote, akanyamaza.

Jumatatu Byabato alikwenda shambani akiomba moyoni afukuzwe. Rugaibula alimpa jembe, akatabasamu.

"Nikufukuze kwa nini? Kima cha chini utakipata kila mwezi. Sheria haikulazimishi kujua kazi."

Byabato akalipokea jembe, akaingia kwenye palizi na wenzake.