Laini Tatu, Kwikwi Moja

Redio yetu ina laini tatu za simu, na zote zinapita mikononi mwangu. Nikipokea nauliza mambo manne: unaitwa nani, uko wapi, unataka kusema nini, na redio yako umeipunguza? Hilo la mwisho ndilo watu hawalisikii. Mtu akiwa hewani huku redio yake inanguruma pembeni, sauti inazunguka inarudi, inapiga mluzi hadi meno yanauma. Kwa siku moja nasema "punguza redio" mara sitini. Nyumbani nimewahi kumwambia hivyo mume wangu akikoroma.

Pale kazini wananiita Mama Laini. Ni kwa sababu ya simu. Kwa tabia, hapana.

Alhamisi hiyo mgeni wetu wa kipindi cha asubuhi alikuwa diwani, na mada ilikuwa daraja jipya la waenda kwa miguu, linalovuka mto kati ya mtaa wetu na shule ya msingi. Saa nne baraza la madiwani lingekaa kulipokea rasmi. Baraza likishapokea, mkandarasi anafunga virago. Lori lake lilikuwa limeshapakiwa vyombo, liko kando ya barabara, na hapo likiondoka, ukimwona tena mpige picha.

Mimi nilikuwa na neno langu na daraja hilo. Jumamosi iliyotangulia nilimpeleka binti yangu wa mwisho akalione, maana shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu baada ya kipindi hicho na yeye anaingia darasa la pili. Alishika chuma cha pembeni kile cha kujishikilia, na chuma kikaenda nje pamoja naye. Kidogo tu, kama mlango uliolegea bawaba. Nikamdaka kwa ukosi wa gauni. Yeye akacheka, "Mama, tena!" Mimi nikambeba nikamrudisha nyumbani.

Nilimweleza mtangazaji wetu, ambaye mji mzima unamwita Kasuku.

"Dada, nakuamini," alisema. "Lakini wewe huwezi kuwa msikilizaji kwenye kipindi chako mwenyewe. Watasema redio ina ugomvi na diwani. Niletee mtu anayejua chuma."

Nikamtafuta Fundi Cheche, mchomeleaji aliyetutengenezea geti la redio. Mtu wa maneno machache, kope zake zimeungua hazioti tena. Tukakubaliana: Alhamisi saa mbili na nusu awe juu ya daraja, akague, apige simu hewani aseme alichokiona. Kizuri au kibaya, aseme.

Saa mbili kamili kipindi kikaanza. Mimi nakaa chumba cha mitambo, wao wako upande wa pili wa kioo. Mbele yangu kuna vitelezi vitatu, kila laini na chake. Nikikipandisha, mpigaji yuko hewani. Pembeni kuna vitufe viwili. Cha kushoto kinapeleka sauti yangu kwenye sikio la Kasuku, cha kulia kwenye sikio la mgeni, na wasikilizaji hawasikii kitu. Hicho cha kulia huwa nakitumia kusema jambo moja tu: "Sogea karibu na maiki."

Diwani alikuja amependeza, viatu vinang'aa, na mpambe wake akabaki mapokezi akichezea simu.

"Daraja ni la kisasa," diwani alisema. "Wananchi wenyewe ni mashahidi. Waulizeni."

Kama aliyebonyeza kengele, laini zote tatu zikawaka.

Wa kwanza alikuwa mama wa mtaa wa juu. Anampongeza mheshimiwa kwa daraja imara. Sawa, nikampandisha, akasema, nikamshusha. Wa pili kijana wa sokoni: daraja imara, pongezi kwa mheshimiwa. Wa tatu mzee wa karibu na stendi. Daraja, akasema, ni imara. Wote watatu walikuwa wamepunguza redio hata kabla sijawaambia. Kwa miaka kumi na moja sijawahi kukutana na muujiza huo.

Na nyuma ya kila mmoja kulikuwa na mtu mwenye kwikwi.

Hik.

Mara ya kwanza sikujali. Mara ya pili nikasema labda. Mara ya tatu nikabana hedifoni masikioni kwa mikono miwili na kuacha kupumua. Ilikuwa kwikwi ileile, nyembamba, inayopanda mwishoni kama swali. Mtaa wa juu, sokoni na stendi, na kwikwi moja! Huyo mtu alikuwa na mbio gani?

Simu yangu ya mkononi ikatetemeka.

"Mama Laini!" Ni Fundi Cheche, na nyuma yake mto unavuma. "Napiga tangu saa mbili na nusu. Laini zako zina nini? Kila nikipiga kuna mtu!"

"Umeona nini huko?"

"Niweke hewani. Nikikuambia wewe itasaidia nini?"

Nilitazama saa. Saa tatu kasoro dakika tano. Ningeweza kuipeleka simu yangu kwenye maiki, lakini mkurugenzi alishapiga marufuku hilo tangu mlevi mmoja alipotukana ukoo mzima wa mtu kwa njia hiyo. Mpigaji anapita kwenye laini, basi. Nikakata laini ya kwanza. Haikumaliza kupumua, ikawaka tena.

"Naitwa mama wa mtaa wa juu—"

"Mama, wewe umeshasema."

"Mimi ni mwingine."

Hik.

Nikakata ya pili, ikawaka. Ya tatu hivyohivyo. Walikuwa wamekaa chumba kimoja, simu mkononi, wanapokezana kama wanaocheza karata. Na kila nilipokata, walipata nafasi ya kupiga upya kabla ya Fundi Cheche. Yeye alikuwa mtu mmoja na simu moja, tena amesimama juu ya chuma kinachocheza.

Hapo ndipo nilipoona nakosea. Nawakata wa nini? Kosa lao lilikuwa kukaa pamoja.

Nikapokea zote tatu. "Unafuata hewani, subiri. Wewe pia, subiri. Na wewe, mzee, usikate." Kisha nikabonyeza kitufe cha kushoto.

"Kasuku, nakuletea watatu kwa mpigo."

Akanigeukia na macho kama sahani. Hatufanyi hivyo kamwe. Watu wawili hewani ni vurugu, watatu ni soko.

"Niamini," nikasema. "Salimia tu."

Kasuku akameza mate. "Haya, wasikilizaji wapenzi, leo tuna… tuna wengi. Tuanze na mtaa wa juu. Habari za huko?"

Nikapandisha vitelezi vyote vitatu.

"Nzuri, nampongeza mheshimiwa diwani," alianza mama. Sauti yake ilitoka mara tatu, moja kwenye simu yake na mbili kwenye simu za wenzake.

"Daraja ni—" akaanza kijana.

"Si zamu yako!"

"Dada wa redio kaniambia nafuata!"

"Hata mimi kaniambia!" Huyo ni mzee.

Hik.

"Nyamazeni, tuko hewani!"

"Nani yuko hewani?"

"Sote!"

"Karatasi yangu iko wapi? Nilikuwa sijasoma pale pa 'imara'!"

"Umeikalia, mzee, inuka!"

Hik. Hik!

"Jamani mpeni maji huyu, anatuharibia!"

Halafu mmoja wao, kwa kiherehere, akaongeza redio ili ahakikishe kama kweli wako hewani. Mluzi uliopanda hapo ulimfanya diwani avue hedifoni. Nikasikia kishindo cha kiti, nikasikia "kateni! kateni!", na taa zote tatu zikazimika kwa pamoja.

Laini tatu, tupu. Nilipiga meza kwa furaha hadi kikombe kikaruka.

Kasuku, ambaye akipewa nafasi huitumia yote, akauliza kwa upole, "Mheshimiwa, kutoka mtaa wa juu hadi stendi ni umbali gani?"

"Ni… mwendo wa nusu saa hivi."

"Leo wamekaribiana."

Kupitia kioo cha upande wa pili nilimwona mpambe mapokezi akitafuta pa kuficha simu yake. Diwani alimwona pia. Uso wake ulibadilika, akavaa tena hedifoni, na mpaka leo nadhani hakuwa anajua kwamba mpambe ndiye aliyewapanga wapigaji wale.

Laini ya kwanza ikawaka.

"Fundi?"

"Ndiyo."

"Redio umepunguza?"

"Mama Laini, niko juu ya mto. Redio nimeitoa wapi?"

Nikampandisha.

"Mimi ni mchomeleaji," akasema, bila salamu wala nini. "Niko darajani. Upande wa kushoto ukielekea shule kuna nguzo kumi na mbili za kushika vile vyuma vya pembeni. Kila nguzo imekaa juu ya pleti, yaani bamba la chuma, na kila pleti ina matundu manne ya bolti. Ukitazama kwa mbali unaona bolti nne zimepakwa rangi ya fedha. Nimegusa. Kila pleti ina bolti moja. Hizo nyingine ni puti."

"Puti gani?" Kasuku aliuliza.

"Puti ya dirisha, ile ya kushikizia vioo. Wameifinyanga mfano wa nati wakapaka rangi. Hii hapa nimeibandua kwa ukucha. Matundu ya pleti hayakulingana na ya daraja, basi wakaona uvivu kutoboa upya. Sikilizeni."

Akatikisa chuma. Ngwa, ngwa, ngwa. Sauti ile ilijaza studio. Nikaona tena ukosi wa gauni mkononi mwangu.

Diwani alibana hedifoni masikioni.

"Mheshimiwa," Kasuku akasema, "ulilikagua daraja?"

"Nililikagua."

"Ukiwa wapi?"

"Barabarani," diwani akasema. "Ndani ya gari. Lakini mkandarasi ameleta ripoti, ina picha, na baraza saa nne litaangalia ripoti. Haya ya fundi mmoja tutayapeleka kwa wataalamu, mchakato utafuatwa, tutaunda…"

Alikuwa ameanza kutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Saa ilikuwa tatu na robo. Nilijua wimbo huo: leo wanapokea, kesho wanaunda kamati, na lori limeshavuka mpaka wa wilaya. Kidole changu kilikwenda chenyewe kwenye kitufe cha kulia.

"Mheshimiwa," nikamwambia sikioni. "Mimi ndiye mama wa mitambo, niko mbele yako hapa kwenye kioo. Binti yangu ana miaka saba. Jumamosi alishika chuma hicho kikaenda naye. Jumatatu anapita tena. Ungekuwa wewe, ungempitisha?"

Aliinua macho akaniona. Akasahau kwamba sauti yangu haiendi popote zaidi ya sikio lake, lakini yake inakwenda mji mzima.

"Hapana, mama," akasema. "Nisingempitisha."

Kasuku akatazama huku na huku. "Mheshimiwa, unaongea na nani?"

"Na… na mama mmoja."

"Amekuuliza nini?"

Angeweza kuzunguka. Nilimwona akitafuta njia ya kuzungukia. Kisha akaweka mikono mezani.

"Ameniuliza kama mtoto wake ningempitisha kwenye daraja lile. Nimesema nisingempitisha."

"Basi saa nne mnalipokea?"

"Kwa kura yangu, hapana." Akavua hedifoni, akasimama. "Na kabla ya saa nne nakwenda kusimama pale mwenyewe. Fundi asiondoke."

"Siondoki," Fundi Cheche akasema hewani. "Ila mje haraka, kuna mtu anajaribu kuwasha lori."

Ee, mji ule! Simu ziliwaka zikawa hazizimi. Muuza vipuri akasema ameshaegesha toroli lake mbele ya lori. Mwalimu mkuu akapiga, muuguzi akapiga, mama mkwe wangu akapiga kuuliza kama yule "mama mmoja" ni mimi, na kama chakula cha mchana nimeacha wapi. Nikamwambia kiko juu ya friji, na kwamba hawezi kwenda hewani. Akakata kwa hasira. Sikuwa nimejisikia vizuri hivyo tangu siku niliyomaliza chuo.

Saa nne na nusu mwandishi wetu alileta habari kutoka ukumbini: baraza halikupokea. Madiwani walipelekwa wote darajani kwa miguu, na mkandarasi akashusha vyombo kutoka kwenye lori, pamoja na sanduku zima la bolti ambalo halikuwa hata limefunguliwa.

Haikwisha kufikia Jumatatu. Kutoboa matundu upya ni kazi, na Fundi Cheche, aliyewekwa kusimamia, hakubali kuharakishwa na mtu. Siku mbili watoto walizunguka njia ndefu na binti yangu akanilaumu mimi kwa kila hatua. Jumatano asubuhi tulikwenda wawili. Nilishika chuma cha nguzo ya kwanza nikakisukuma kwa kilo zangu zote themanini na tatu. Hakikucheza. Nikaenda ya pili.

"Mama, twende basi! Watu wanatuangalia!"

"Waangalie."

Nilisukuma zote kumi na mbili. Yeye alishavuka, amesimama ng'ambo na begi mgongoni, anajifanya hanijui.

Nilifika kazini nikihema, dakika moja kabla ya kipindi. Laini ya kwanza ilikuwa inawaka.

"Unaitwa nani, uko wapi?"

"Mama," sauti ikasema kwa aibu, "leo napiga kwa ajili yangu mwenyewe. Mtaani kwetu taa za barabarani hazijawaka miezi mitatu."

Hik.

Nikakaa vizuri kwenye kiti.

"Punguza redio," nikamwambia, "kunywa maji, usikate. Wewe ndiye wa kwanza."