Maiti wa Mwaka wa Pili

Ieleweke tangu mwanzo kwamba marehemu alikuwa mzima wa afya, na asubuhi ile ile alikuwa amekula mayai mawili na kuomba la tatu.

Marehemu huyu alisoma sanaa za maonyesho, mwaka wa pili, na nyumbani aliitwa Kiherehere. Jina alipewa na mama yake, nesi mkuu wa wodi ya wanaume, kwa sababu tangu azaliwe hakuwahi kukaa kitako na kiti kikapona. Sasa, kwa mtihani wa mwisho wa mwaka, mwalimu wake alikuwa amempa nafasi ya maiti: kulala juu ya benchi katikati ya jukwaa, mchezo mzima, huku wanawe wakigombania nyumba.

"Mwalimu, hata neno moja sina?"

"Anayesema anabebwa na maneno," alijibu mwalimu. "Maiti habebwi na kitu."

"Anabebwa na jeneza," alisema Kiherehere, na darasa zima likacheka, isipokuwa mwalimu.

Aliyemtisha hakuwa mtahini bali mama. Mama alikuwa ametoa hukumu isiyo na rufaa: atakuja kutazama mara moja tu, na akiona upuuzi, mwakani binti anahamia uuguzi.

"Utakuwa nani humo?" aliuliza.

"Mhusika mkuu, mama. Nikiondoka mimi, hakuna mchezo."

Hapo hakusema uongo.

Basi akajifunza kufa. Alijifunza kupeleka pumzi chini mgongoni ili kifua kisipande. Zaidi ya hayo, alijifunza wizi. Msichana aliyeigiza binti mkubwa wa marehemu alikuwa akipiga yowe kila baada ya muda, na yowe likipigwa macho yote humgeukia yeye. Hapo ndipo maiti huiba hewa ya kumfikisha kwenye yowe lijalo.

Siku ya siku ikafika. Mama alikaa mstari wa mbele na sare yake, maana alitoka zamu moja kwa moja. Pembeni yake alikaa mama mdogo, aliyekuja kumsindikiza dada yake na kukosoa mavazi ya watu.

"Dada, mtoto yuko wapi?" mama mdogo aliuliza, kwa sauti aliyodhani ni ya chini.

"Bado hajatoka."

"Si yule pale aliyelala?"

"Miaka miwili ya chuo kikuu," alisema mama, "ili alale?"

Maiti alisikia kila neno. Hakupepesa.

Wanawe wakagombana vizuri, yowe la kwanza likaja, la pili likaja. La tatu halikuja. Mliaji alisimama mdomo wazi, maneno na kilio vyote vimemtoroka. Ukumbi ukanyamaza, na katika kimya kile kifua cha Kiherehere ndicho kitu pekee ambacho kingeonekana kikitikisika. Akakizuia. Masikio yakaanza kuvuma. Kuinuka ni kufeli, na kufeli ni uuguzi. Akaendelea kufa.

Ndipo mbao za jukwaa zikalia.

"Dada, unakwenda wapi? Mchezo huo!"

"Mchezo gani? Midomo imebadilika rangi!"

Vidole viwili vikamshika kifundo cha mkono. Mapigo yalikuwa yakienda mbio kama mwizi aliyeonekana. Vidole vikatulia. Kisha mama akainama juu yake, amewapa watu mgongo, na mgongo wa mama ulikuwa mpana kama mlango wa ghala.

"Pumua, mwanangu," alinong'ona. "Nimewaziba."

Marehemu akavuta hewa yenye harufu ya dawa ya wodini, na hakuwahi kuonja kitu kitamu kama ile hewa.

Mama akajinyoosha, akaugeukia ukumbi. Kwa sauti ile ile anayowapa ndugu kwenye korido za hospitali, akasema, "Poleni. Tumempoteza." Halafu akamwendea yule mliaji aliyeganda. "Wewe ndiye mwanawe? Lia, mama. Usijizuie."

Msichana akapiga yowe ambalo hakuwahi kulipiga katika mazoezi yote. Mama akashuka, akaketi, akapanga sare yake. Hakuna aliyecheka.

Baadaye, mama alipomfuata binti yake nyuma ya pazia, mtahini mgeni alikuja mbio. "Yule nesi yuko mwaka wa ngapi? Mbona ni moto!"

Mama akanyoosha shingo, kama wengine wanavyofanya wakisema wamemzaa waziri. "Mimi ni mama wa maiti."

Kiherehere alimsogelea kwa hofu. "Mama, na ule uuguzi?"

"Nimeona wafu wengi, na wanaojifanya wafu ili wasichomwe sindano nimeona zaidi. Hakuna aliyewahi kunidanganya." Akamfuta poda shavuni kwa kidole gumba. "Umenipandisha jukwaani mchana kweupe, mimi nesi mkuu mzima! Mwakani waambie wakupe maneno. Kufa umeshafaulu."