Ndege Mbili za Gaudence

Ndege mbili. Gaudence hakulisema neno hilo kama watu wengine wanavyosema maneno. Alilimung'unya kwanza, akalizungusha mdomoni, ndipo akalitoa: "Mimi na ndege zangu mbiiili." Kanisani analisema, msibani analisema, kwa kinyozi pale Richardson, Texas, analisema hata wembe uko shingoni. Watu walimtania kwamba majigambo hayo ni Uhaya wake. Wahaya wenzake ndio waliokuwa wa kwanza kumkana.

Mwatumu, rubani wake, mwenyeji wa Tanga, kila akiisikia ile "mbiiili" alipata kiungulia. Ndege iliyoruka ilikuwa moja. Ilikuwa kuukuu, imemzidi Mwatumu umri, ya injini mbili na tumbo pana la mizigo, na wao wenyewe waliiita Bibi. Ya pili ilikuwa mzoga. Si aibu, kampuni ndogo za mizigo ndivyo zinavyoishi: spea za ndege za kale hizo hazitengenezwi tena, basi unanunua iliyokufa, unaiegesha pembeni, na Bibi akiumwa goti unakata goti la marehemu unampachika. Njoroge, fundi wao Mkenya, alikwisha kuukomba mzoga injini ya kulia yote na propela ya kushoto, akamfungia Bibi, na Bibi akaruka raha mstarehe.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Gaudence akaupaka mzoga rangi.

Akaupaka bluu na nyeupe, akaandika jina la mama yake puani, akapiga picha akiwa ameuegemea kwa miwani ya jua, akairusha kwenye makundi yote ya Watanzania wa Texas. Masikini akipata, matako hulia mbwata! Tangu siku hiyo Njoroge alikatazwa kugusa hata skrubu. "Usinibomolee ndege," bosi alimwambia, na Njoroge akamtazama kama anayemtazama mgonjwa wa homa.

Picha ile ikafika Houston. Mama Theodora, mwenyekiti wa chama chao kule, mama wa Sugar Land mwenye sauti ya kuongoza kwaya, akapiga simu kusema kwamba wameamua kumpa Gaudence tuzo ya mwekezaji bora. Wangekuja wenyewe, Jumamosi, na yeye mwenyekiti angekata utepe wa ndege mpya. Utepe ungefungwa kwenye propela.

"Propela ipi?" aliuliza Mwatumu.

"Ya kushoto. Inapendeza zaidi kwenye kamera."

"Bosi, ya kushoto iko kwa Bibi."

"Si Njoroge ataihamisha? Siku moja tu, Kapteni. Jumatatu inarudi."

Lahaula! Mwatumu alidhani amesikia vibaya. Kumvua aliye hai ili kumvalisha maiti! Akamkumbusha Sheldon. Huyo Sheldon ndiye aliyesimamia usafirishaji wa mizigo ya kiwanda kimoja cha koki za mabomba ya mafuta hapo Fort Worth, na ndiye mteja wa kudumu pekee waliyebaki naye, maana wengine wote walikuwa wamekwisha kumezwa na kampuni kubwa. Bibi alipoharibika mara ya mwisho, Sheldon alisema bila kupaza sauti: nikipiga tena mkashindwa, sipigi tena.

"Sheldon hapigi Jumamosi," alisema Gaudence.

"Na akipiga?"

"Dada Mwatumu, wewe una mdomo wa mkosi."

Mdomo wa mkosi! Mwatumu alitoka ofisini akisonya hadi kwenye gari. Hakuwa akimlilia Gaudence. Alikuwa akikililia kiti chake. Kabla ya kampuni hii alikuwa akifunga maboksi kwenye ghala moja Carrollton, leseni ya urubani imelala kabatini, kila kampuni kubwa ikimwambia asante, tutakupigia. Gaudence ndiye aliyempa kiti cha kushoto, cha nahodha, na ndiyo sababu alimvumilia na upuuzi wake wote. Bila Sheldon hapakuwa na kampuni, na bila kampuni ni ghalani tena.

Jumamosi wageni wakaja. Magari yakajipanga kwenye ule uwanja mdogo kusini mwa Fort Worth utadhani kuna harusi: akina mama wa sare ya kitenge, sinia za pilau zimefunikwa karatasi ya fedha, watoto wakilalamika kwa Kiingereza kwamba kuna joto. Mzoga ulikuwa nje juani, umeng'arishwa, una propela zote mbili na utepe mwekundu. Bibi alikuwa amefichwa ndani ya banda, pua imefunikwa bendera ya taifa. Mgeni mmoja aliuliza kuna nini chini ya bendera. Gaudence akasema huo ni mradi wa awamu ya tatu. Mwatumu aliinua macho mbinguni, akayateremsha.

Mama Theodora alikuwa katikati ya hotuba, yuko kwenye "vijana wetu waige", simu ya kampuni ilipotikisika mkononi mwa Mwatumu. Sheldon.

Mwatumu alikimbilia nyuma ya banda. Koki moja kubwa inahitajika Houston bandarini, alisema Sheldon. Meli inaondoka jioni, barabara imefungwa kwa ajali, na lori halitafika. Mnaweza?

"Nipe dakika moja," alisema Mwatumu. Akamfuata Njoroge.

"Madam, tukianza saa hii, meli tunaishika," alisema Njoroge. Alikuwa na kisanduku cha spana mguuni tangu asubuhi. "Lakini lazima nikate hiyo ribbon. Mbele ya hao watu wote."

Mwatumu akapenya katikati ya vitenge mpaka kwa bosi, akamnong'oneza yote sikioni. Alimwona akielewa. Hilo Gaudence hataweza kulikana kesho kwa Mungu: alielewa. Macho yake yalikwenda kwenye propela, yakaenda kwa Mama Theodora, yakaenda kwenye ile tuzo ya kioo juu ya kitambaa cha meza. Kisha akaichukua simu, akaiweka sauti ya juu, akaisogeza kwenye kipaza sauti ili chama kizima kisikie mzungu akimbembeleza.

"Pole sana, bwana Sheldon," alisema kwa Kiingereza cha kujibana pua. "Leo ndege zangu zote mbili zina kazi."

Makofi! Vigelegele! Mzee mmoja akapiga mluzi. Watu wazima kabisa, wenye shahada zao na nyumba zao, wakishangilia kampuni inavyozikwa.

"Ala," sauti ya Sheldon ilisikika uwanja mzima, ya upole kabisa. "Sikujua mmekua hivyo. Hongereni. Nitatafuta wengine." Akakata.

Mama Theodora akakata utepe wake. Mtu akapaza sauti, "Iwashwe tuisikie!" na wote wakadaka: iwashwe, iwashwe! Gaudence akageuka, akamrudishia Mwatumu simu, uso umemparama, akitikisa kichwa kidogo kidogo.

Mwatumu akatwaa kipaza sauti. Hasira ilikuwa imemfika kooni na hakuwa na nia ya kuimeza.

"Haiwaki," alisema. "Huu ni mzoga. Huku kulia hamna injini, ni kifuniko kitupu kilichobandikwa propela, nendeni mkagonge. Propela mliyofungia utepe ni ya ndege nzima iliyo mle ndani. Na yule aliyepiga simu alikuwa mteja wetu wa mwisho."

Kisha Gaudence akacheka. Alicheka kwa kifua chote, mkono tumboni, na wageni, waliokuwa wakisubiri kuonyeshwa la kufanya, wakapasuka pamoja naye.

"Watu wa Tanga kwa utani!" alilia Mama Theodora akijifuta machozi. "Kapteni, utatuua!" Akamkabidhi Gaudence kioo chake, na pilau ikafunuliwa. Hakuna aliyekwenda kugonga.

Gaudence alimfuata kwenye maegesho, tuzo kwapani.

"Sasa ulitaka niseme nini, dada? Mbele ya watu wote wale?"

"Ungesema 'nakuja'. Basi. Wangekula pilau, wangemwona Njoroge anafanya kazi, wangemwona Bibi anaruka. Ndege moja, bosi, lakini inaruka."

Gaudence alifikiri, au alifanya uso wa kufikiri. Kisha uso ule ukachanua.

"Lakini uliwasikia walivyoshangilia?"

Mwatumu alitafuta tusi la kumtosha, akapekua yote aliyofunzwa na shangazi zake wa Tanga, akakosa. Mtu huyu hakuwa akijifanya. Amefilisika, na ana furaha ya kweli, na furaha ile ilimchoma kuliko uongo wote. Akamrudishia simu ya kampuni. Akaingia garini, akashika njia ya Carrollton, awahi kumkuta msimamizi wa ghala kabla hajatoka.