Mgongo wa Chrispine

Orpah alimkuta mumewe, Chrispine, amelazwa kifudifudi, uso umegeuziwa ukutani, mpira wa hewa ukitokea pembeni mwa mdomo. Alichokiona vizuri ni mgongo tu. Uliinuka kidogo sana, ukashuka, mashine ikimpumulia.

Ilikuwa imeanza kama homa tu, kule kwao kisiwani Mfangano. Ikawa nimonia. Walipomvusha kwa boti na kumfikisha hospitali ya Homa Bay, midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

"Mbona hewa inaingia kidogo hivi?" akauliza Cephas, ndugu ya Chrispine, kwa ukali. "Mtu mzima kama huyu! Si muongeze?"

Daktari Magige hakukasirika. "Mapafu yamejaa maji, yamekuwa magumu. Mahali palipobaki pa kuingiza hewa ni padogo, kama pa mtoto. Nikisukuma pumzi ya mtu mzima, nitapararua. Kwa hivyo tunampa kidogo, na akishatoa pumzi, mashine inabakisha presha ndani ndio mapafu yasijifunge."

"Na kulala kwa tumbo?"

"Upande wa mgongo ulikuwa umekandamizwa. Hivi unapata nafasi ya kufunguka."

Cephas akageuka. "Umesikia, shemeji?"

"Nimesikia."

Alikuwa amesikia kila neno, ila hakuna lililomgusa. Alikuwa ameinamia kichwa cha kitanda, akitazama plasta iliyoushika ule mpira. Kona moja ilikuwa imebanduka.

Siku zilizofuata alikaa kwenye benchi nje ya wodi. Wifi yake, Jedidah, alilia, akaomba, akalia tena. Watu wa kanisa walipopiga simu, Orpah alimjibu kila mmoja, "Asante." Alikula mandazi asijue kama yana sukari. Alijifungia chooni, akafungulia maji ya mfereji ili alie bila kusikika. Machozi yakakataa.

Wiki ya pili wakamrudisha chali. Magige alisema mapafu yamelainika. Mashine haihitaji tena kubakisha presha kubwa ndani. Wakampunguzia dawa za usingizi, wakamjaribu apumue mwenyewe, na alipomudu wakautoa mpira. Chrispine akakohoa sana, kisha akamwita mkewe kwa sauti iliyokwaruza, "Mama Liz."

Jedidah akapiga magoti, akamshukuru Mungu kwa kelele mpaka muuguzi akamsihi anyamaze. Cephas akaelekea dirishani, akajifuta uso kwa kofia.

Orpah akaushika mkono wa mumewe. Ulikuwa na joto. Akaingoja furaha ije, kama mtu anavyongoja mguu uliokufa ganzi uamke. Haikuja.

"Uko sawa?" Chrispine akamuuliza, yeye mgonjwa.

"Sijui," akasema Orpah. "Niko hapa, ila bado sijafika."

Chrispine akafumba macho. Muuguzi akampa Orpah pamba yenye maji, akamwonyesha jinsi ya kulowesha midomo iliyopasuka. Orpah akaanza na mdomo wa chini.