Alifunga Mlango Taratibu

...taratibu, haya, taratibu, nusu saa nzima wanatafuna neno moja, kitabu kinene vile na watu hawa wamekwama kwenye sentensi moja, eti ndiyo desturi ya kundi, sentensi moja kila mkutano mpaka kila mtu aseme lake, na yeye wamemkalisha kiti cha mbele kama bibi harusi kwa kuwa ni mama wa mwandishi, wakampa soda, kisha wakamsahau. "Mama yule alifunga mlango taratibu," mwalimu mstaafu anasoma tena, anavua miwani, "tujiulize, kwa nini taratibu? Kwa nini asiandike tu, alifunga mlango?"... tujiulize, tujiulize, si wamuulize yeye, mlango ulikuwa wake, aliufunga kwa mkono huu huu, alfajiri ile alipokwenda kutafuta kazi mbali, mtoto wa darasa la kwanza yuko kitandani, mlango wenyewe ukiubamiza nyumba nzima inaamka, ndiyo taratibu yenyewe hiyo, hakuna fumbo hapo... "Ni ubaridi wa moyo," mwalimu anasema, "mwenye uchungu hafungi mlango hivyo," ubaridi, huyu baba kalea nani hata ajue... "Mimi naona aibu," msusi anadakia, "anatoroka huyo, mwalimu," halafu anamgeukia, "usijisikie vibaya lakini, mama, tunamsema mhusika tu," mhusika, asante sana, mhusika aliyelia kwenye basi mpaka abiria wa pembeni akahama kiti, hilo halimo kitabuni, na litakuwamo vipi, mwandishi alikuwa kalala fofofo, ndicho kitu pekee kilichompa yeye nguvu miaka yote ile ya kufua mashuka ya hoteli, kwamba mtoto hakuona, hakusikia, aliamka akaambiwa mama atarudi, basi, na hata leo binti akija na maneno yake ya mkato, akaaga kabla chai haijapoa, yeye hujisemea ni kazi nyingi tu, hana kinyongo, atawekaje kinyongo kwa jambo lililopita akiwa usingizini... na hawa na taratibu yao, angeandika alifunga mlango ingetosha, saa hizi wangekuwa ukurasa mwingine, sijui hata hilo neno kalitoa wapi, bibi yake hakuwepo, alikuwa uani anawasha moto, na yeye mwenyewe hajamwambia mtu, hajawahi kumwambia mtu yeyote alivyoufunga ule mlango, mle ndani hapakuwa na mwingine ila... "Zamu yako, mama," mwalimu anasema, "kwa nini taratibu?" na wote wamemgeukia, msusi anatabasamu, kalamu ziko tayari, alikuwa macho, mtoto alikuwa macho, alijilaza kimya akasikiliza mpaka kitasa kikabana, na hakumwita.