Kona ya Mzee wa Kikohozi

Msanifu wa majengo alipochora hospitali ile alikataa katakata kuweka vibao. "Jengo zuri humshika mtu mkono," aliwaambia wakubwa, nao wakapiga makofi. Basi likajengwa: korido nyeupe pe, milango imefanana kama mapacha, kila kona imepinda kwa madaha.

Ajabu ni kwamba hakuna aliyepotea. Msanifu akavimba kichwa, mpaka asubuhi moja mganga mkuu alipompigia simu.

"Njoo upesi. Mzee wa kikohozi amepona."

"Hongereni."

"Hongera ya nini? Tumekwisha!"

Ndipo alipoelezwa. Tangu hospitali ifunguliwe, mzee mmoja alikuwa amelazwa chumba cha pale korido zinapokutana, akikohoa mfululizo, kikohozi kizito cha kutikisa madirisha. Watu wote walijiongoza kwa kikohozi hicho. Wajawazito walikikuta wakakata kushoto. Waliovunjika mifupa walikipita wakanyoosha mbele. Juzi dawa zikamkubali, mzee akaenda zake nyumbani, na jengo zima likachanganyikiwa. Daktari wa upasuaji alikutwa chumba cha kufulia, glavu mkononi, akiulizia mgonjwa wake. Na shangazi yake msanifu, aliyekuja jana kumjulia hali jirani, mara ya mwisho alionekana akielekea stoo ya mashuka.

Moyo ulimruka msanifu. Shangazi huyo ndiye aliyemlea. Alikimbilia hospitalini, na baada ya kona chache hakujua atokako wala aendako.

"Shangazi!"

"Nipo huku!"

"Huku wapi?"

"Huku kweupe!"

Msanifu alitazama kulia, akatazama kushoto, akaona aibu hata mbele ya kuta. Mwishowe alitokea kwenye dirisha la duka la dawa, akaenda moja kwa moja na mganga mkuu nyumbani kwa mzee.

"Nimepona, wanangu," alisema mzee. "Mnataka niugue?"

"Hasha, baba. Utukoholee tu."

"Mume wangu si kengele," mkewe alifoka.

Lakini mzee aliingiwa na huruma. Akarudi hospitalini na mkewe, akaketi kwenye kitanda chake cha zamani, akakohoa. Kilitoka kikohozi chembamba, cha adabu, kama cha mtu anayetaka kuomba chumvi.

"Ongeza, baba," mganga mkuu alimsihi.

Mzee akajikaza, akaongeza mno. Mwangwi ukaruka ukuta hadi ukuta, na wajawazito wote wakaishia jikoni, ambako mpishi aliwapa viti na kuanza kuchemsha maji kwa hofu.

Msanifu alijifunika uso kwa viganja. Alipoviondoa, aliita mafundi waje na nyundo. Ukuta wa pale makutano ukabomolewa, wakaacha uwazi mpana toka sakafuni hadi darini, na kwa mara ya kwanza mtu akaweza kusimama ndani na kuona lango, barabara na miti ya ng'ambo. Hata kabla vumbi halijatulia, watu wakaanza kuchomoza kila upande, wakifikicha macho. Mke wa mzee alimshika mumewe mkono wakaondoka bila kuaga.

Shangazi alitoka baada ya wengi, shuka begani, uso umenawiri.

"Nisamehe, shangazi," msanifu alisema. "Mimi ndiye niliyekupoteza."

"Kunipoteza? Nimelala usingizi ambao sijaupata tangu uzaliwe. Hakuna aliyejua nilipo aje kuniomba kitu." Akautazama ule uwazi, kisha ndoo za rangi ambazo mafundi walikuwa wakizifungua, kila korido na rangi yake. "Haya, sasa nitaonekana. Niletee kiti basi, angalau nitazame wapita njia."

Msanifu alimletea kiti, akampiga busu kwenye paji la uso, kisha akakunja mikono ya shati na kushika brashi mwenyewe. Korido ya wajawazito ilikuwa bado nyeupe, na kutoka jikoni kulisikika mtoto akilia kwa mara ya kwanza.