Mashine Iliyosema Oya

Isihaka wa Kibondo alijaliwa kila kitu isipokuwa neno moja: hapana. Ukimwomba ngazi, chukua. Ukimwomba toroli, chukua, na atakusukumia mpaka barabarani. Mali ya duka lake la misumari na mabati ilikuwa nusu dukani, nusu kwa majirani. Mkewe, Mwajabu, alikwisha kusema mpaka akachoka. "Uso umeumbwa na haya, Mama Nasma," Isihaka hujitetea. Mwajabu humjibu kwamba wa kwake umeumbwa na haya tupu, nyama haikutiwa.

Hata ile mashine aliipata kwa ugonjwa huo huo. Kambi ya wakimbizi ya Mtendeli ilipokuwa inafungwa alikwenda huko kutafuta madumu ya bei rahisi. Mkimbizi mmoja, Mpawenimana, aliyekuwa anafungasha kurudi Burundi, akamshikisha sanduku dogo la mbao, pana chini, limechongoka juu. "Ni ya marehemu mjomba," akasema. "Sijui ni ya nini, lakini ni nzima." Sasa nani amkatalie mtu anayehama? Isihaka akarudi nyumbani na sanduku, bila dumu hata moja.

Ukifungua kifuniko chake cha mbele unakuta ufito wa chuma umesimama wima, una kijiuzito kinachopanda na kushuka, na nyuma yake namba na maneno: Largo, Andante, Presto. Ubavuni kuna ufunguo. Ukiuzungusha, ufito unayumba kulia na kushoto, tak, tak, tak. Fundi saa wa sokoni alisema ni saa ya watu wasio na haraka, ndiyo maana haina mishale. Muuza nafaka mmoja alisema ni mizani, akaiwekea kitunguu juu, kikamdondokea mguuni. Vijana wa kijiweni walisoma yale maneno, wakakubaliana kuwa hao ni washambuliaji wa timu fulani ya Ulaya, ila Presto ameshastaafu.

Jibu lilitoka kwa bibi Theodosia, jirani yao. Alikuwa dukani siku jirani mwingine, Venanti, alipokuja kuazima toroli, ambalo lilikuwa limerudi jana yake tu, tena na pancha. Isihaka, asijue mikono aipeleke wapi, akauzungusha ule ufunguo. Ufito ukaanza kuyumba mbele ya uso wa Venanti kama kidole cha mama mkali.

"Yoo!" Theodosia akashika kifua. "Muisikilize! Si inasema oya? O-ya! O-ya!"

Kwa Kiha, oya ni hapana. Na ukishaambiwa hivyo, husikii tena tak tak. Venanti aliondoka bila toroli, akiliomba radhi sanduku.

Tangu hapo Isihaka akawa mtu mwenye raha. Mashine ilihamia nyumbani, juu ya meza ya sebuleni, na kila mwombaji alijibiwa nayo. Toroli likalala nyumbani. Ngazi nayo ikarudi, haina vidato viwili, lakini imerudi. Mwajabu akawa anaifuta mashine vumbi kabla ya kabati lake la vyombo.

Lakini kulikuwa na jambo moja la zamani ambalo halikuwa la toroli. Abdalah, mfanyabiashara wa mahindi wa Kasulu, mtu mzima mwenye wake wawili, alimwona binti yao Nasma anakosomea uuguzi huko Kasulu, akamtaka. Mshenga wake, Shamsi, alipokuja na posa, Isihaka badala ya kukataa alisema, "Inshallah, tutaona." Kasulu nzima ikahesabu hiyo ni ndiyo.

"Baba, atanitoa chuoni," Nasma alilia alipokuja likizo. "Amesema mwenyewe."

"Usihofu, mwanangu," Isihaka akamwambia. "Mashine ipo."

Siku ya jibu Shamsi alifika nyumbani na wazee wawili, kanzu zao zimenyooka. Nasma na mama yake wakajibanza nyuma ya pazia. Isihaka aliwasikiliza wageni kwa adabu zote, akakohoa, akauzungusha ufunguo. O-ya, o-ya. Shamsi akaanza kutoka jasho, maana sifa za sanduku zilikwisha kufika Kasulu.

"Mzee Isihaka, ndiyo imekataa hivyo?"

"Mimi ni nani hata nibishane nayo?"

Mara hodi. Alikuwa Kipriani, mwalimu wa kwaya, aliyekuwa kijijini Nyakitonto muda mrefu akifundisha huko. "Naomba nga—" akaanza, asimalize. Macho yalikuwa mezani. "Jamani! Kipima mwendo! Umekitoa wapi, Mzee? Sisi padri alitufundishia kuimba kwa kitu hiki!" Akakisogeza kile kijiuzito. "Hapa Largo, polepole. Hapa Presto, mbio!" Ufito ukayumba haraka, naye akapiga makofi kuufuata.

"Kwa hiyo hakikatai?" Shamsi akauliza.

"Kikatae nini? Hata ukikiuliza kama jua linawaka kitayumba hivyo hivyo."

Shamsi akajifuta jasho, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Alhamdulillahi. Basi, Mzee, imebaki kauli yako."

Ufito ukayumba mara ya mwisho, ukasimama. Isihaka akautazama, akautazama tena, nao haukumsaidia. Nyuma ya pazia alimsikia Nasma akivuta pumzi, asiitoe. Hapo ndipo alipoona aibu, aibu ya kweli, si ile haya yake ya kila siku. Mtoto ni wake mwenyewe, naye alimwachia sanduku la mbao limsemee.

Mkono ukainuka. Kidole kikasimama mbele ya uso wa Shamsi, kikaenda kulia, kikaenda kushoto.

"Oya," alisema Isihaka, na sauti ilimtoka nyembamba kama si yake. "Oya, bwana Shamsi. Mtoto anasoma. Mwambie Abdalah aliyekataa ni Isihaka, si sanduku."

Kibondo imesikia vigelegele vingi vya posa kukubaliwa. Vya posa kukataliwa vilisikika kwa mara ya kwanza siku hiyo, kutoka nyuma ya pazia, na Mwajabu hakuvipunguza hata wageni walipokuwa wanatafuta viatu vyao.

Walipokwisha kuondoka, Kipriani alikuwa bado amesimama mlangoni. "Sasa Mzee, ile ngazi..."

Akakitazama kidole cha Isihaka. Kilikuwa bado kinakwenda, kulia, kushoto.

"Basi, nitakuja kesho," akasema, akatoka kinyumenyume.

Wala Isihaka hakuwa amemnyima ngazi. Alikuwa tu hajajua namna ya kukisimamisha.